Mrogi Mwenye Ratiba

Mara ya kwanza ilikuwa mwishoni mwa Januari, saa saba na robo usiku. Ngo! juu ya bati, upande wa chumba cha kijana wetu mdogo, kisha kitu kikateremka krrr hadi kwenye gata, kimya. Mbwa hakubweka.

"Baba!" niliita gizani, na mama yangu akaitika kutoka chumba cha pili. Mke wangu ni Mtaita, na miaka kumi na minne ya ndoa haijamtoa mshangao: kwa Ekegusii mama ndiye baba, na baba ndiye tata. Nyumba yetu hapa Kebirigo husema Kiswahili ili pasiwe na mkanganyiko, lakini mtu akishtuka usiku hurudi kwa ulimi aliozaliwa nao.

Asubuhi, kabla chai haijachemka, Mama alikuwa na jibu. "Ni omorogi, tata. Amerusha jiwe."

Kwa msomaji asiye wa huku: wachawi wa usiku wa Kigusii, abarogi, husemekana hukimbia uchi gizani, husugua milango ya watu kwa makalio na kurusha mawe juu ya paa. Sijamwona hata mmoja, na kila niliyemuuliza alimwona shangazi yake, si yeye. Mimi ni mwalimu wa sayansi. Nilicheka, nikachukua risiti ya majani chai iliyokuwa mezani, nikaigeuza nyuma na kumwandikia Mama hesabu. Bati la mita 3, mchana limechomwa na jua, usiku limepoa kwa nyuzi 30. Chuma kikipoa hunywea, na bati hilo litapungua milimita 1 na ushei. Milimita hiyo ikizuiliwa na msumari hukaa ikivuta, ikivuta, mpaka iachie. Ngo!

"Na kile kilichobingirika?" Mama aliuliza.

"Mwangwi."

Nataka nikiri mapema: kila nilichoandika kwenye ile risiti kilikuwa kweli, isipokuwa huo mwangwi. Chuma hunywea, misumari huzuia, mabati hulia. Ndiyo maana ilinichukua wiki sita kujua kwamba nimepotea.

Nikaanzisha daftari. Kila usiku bati lilipolia niliandika tarehe, saa, na kama mchana wake ulikuwa wa jua. Hadi mwisho wa Februari nilikuwa na mara saba, na sita kati ya hizo zilifuata mchana wa jua kali. Nililionyesha daftari kwa yeyote aliyeingia sebuleni, hata kijana aliyekuja kutengeneza jiko. Mwanangu wa miaka kumi na mmoja ndiye aliyekuwa akinishikia tochi tulipotoka nje kusikiliza, na kila nikimuuliza kama amesikia bati, alisema, "Ndiyo, baba, nimesikia." Msaidizi mwaminifu kabisa.

Mama naye hakuwa na daftari, lakini ushahidi wake ulikua kama mchicha wa mvua ya kwanza. Upande wa pili wa ua wetu wa mkaratusi anaishi mjane mmoja, omong'ina, yaani bibi mzee, mwenye umri kama wake, ambaye hupita njia yetu alfajiri na kikapu mgongoni kwenda kuchuma majani chai kabla jua halijawa kali. Mama aligundua nyayo zake karibu na lango. (Njia ni hiyo moja, nyayo zake zingekuwa wapi kwingine?) Siku omong'ina aliposalimu, Mama alisema anajifanya. Siku alipopita bila salamu, dhamiri inamsuta. Alipoletea watoto ndizi mbivu, hakuna aliyeruhusiwa kuzila, na alipoacha kuleta, ilikuwa ni kwa sababu amejua tumejua. Hata mbwa alitoa ushahidi: hakubweka kwa sababu ametiliwa dawa. Nami nilikuwa na la kusema kuhusu huyo mbwa: hakubweka kwa sababu mbwa habwekei bati.

Mbwa mmoja, kimya kimoja, na kila mmoja wetu akakitia mfukoni kama chenji yake. Mbwa mwenyewe alikuwa anajua.

Mke wangu ni muuguzi wa zahanati. Alituvumilia mpaka jioni moja, akiwa anapepeta wimbi, akaniambia nilete hilo daftari. Akalipekua. "Mwalimu," alisema, na akiniita hivyo najua sina pa kujificha, "siku za jua ambazo bati halikulia ziko wapi?"

"Hizo sikuandika. Hakuna kilichotokea."

"Februari hii umeona mvua mara ngapi?"

Nikawaza. Kwetu mvua haina adabu ya kusubiri msimu, lakini Januari na Februari ndipo angalau jua hutawala. Karibu kila siku ilikuwa ya jua. Hata mtu angekuwa anaandika siku ambazo jogoo wetu alimparamia mtoto, sita kati ya saba zingekuwa za jua.

"Na kwa nini saa saba?" aliendelea. "Bati linapoa lini, jua likizama au saa saba?"

Nilikuwa na jibu. Nilisema baridi ya usiku wa manane ndiyo kali zaidi. Lakini nilisikia sauti yangu ikiwa ile ile ya Mama akieleza habari ya ndizi. Bati hupoa upesi jioni. Kufikia saa tatu limekwisha kupoa. Kama maelezo yangu ni sahihi, kelele ilipaswa kuja wakati wa chakula cha jioni, nasi tukiwa macho sote.

Hapo mke wangu akaweka ungo chini akanipa somo la homa. Zamani, alisema, mgonjwa akifika na joto mwilini aliandikiwa dawa ya malaria, akipona ilikuwa malaria, asipopona ilikuwa malaria sugu. Nimonia, taifodi, mafua, vyote vilizikwa humo. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani limetaka kila anayeshukiwa apimwe damu kabla ya kupewa dawa. "Sipimi ili nionekane nilisema kweli," alisema. "Napima ili kama nimekosea nijue kabla mtoto hajazidiwa."

Kisha akatoa kesi ya majirani zetu wa Kericho, aliyofundishwa kwenye semina na ambayo huirudia kila akipata nafasi. Malaria ilipoanza kupanda katika nyanda za juu kwenye miaka ya 1980 na 1990, rekodi za hospitali za mashamba ya chai ya Kericho ziligeuka uwanja wa mabishano ya wanasayansi. Wengine walisema joto limeongezeka, mbu na vimelea wamepanda mlima. Wengine walisema joto ni lile lile, kilichobadilika ni kwamba vimelea vimeizoea dawa ya klorokwini. Mwaka 2002 Simon Hay na wenzake wakaandika katika jarida la Nature kwamba takwimu za hali ya hewa za maeneo manne ya nyanda za juu, Kericho likiwemo, hazionyeshi badiliko la maana. Mwaka 2006 Mercedes Pascual na wenzake wakazipekua upya na kuona joto limepanda. Mwaka 2011 Judith Omumbo na wenzake wakaenda kwenye vipimo vya kituo cha hali ya hewa cha Kericho chenyewe wakakuta ongezeko la karibu nyuzi 0.2 kwa kila miaka 10. Joto lilipopatikana, klorokwini haikusafishwa jina. Kenya ilikuwa imekwisha kuiondoa kwenye nafasi ya dawa ya kwanza ya malaria mwaka 1998. Ninachowapendea watu hao, alisema mke wangu, ni kwamba kila upande ulikuwa na wapinzani waliofungua daftari lao na kuuliza kilichoachwa. "Wewe nani amekufungulia?"

Kuna mwanajiolojia wa Kimarekani, T. C. Chamberlin, aliyeandika mwaka 1890 kwamba mtafiti mwenye maelezo ya aina moja tu huyapenda kama mzazi, na dawa yake ni kuzaa maelezo kadhaa kwa mpigo ili pasiwe na kipenzi. Nilimsoma chuoni, nikamjibu vizuri kwenye mtihani. Hilo la bati lilikuwa kifungua mimba wangu na sikutaka ndugu zake.

Jambo lingine lilisemwa usiku huo, na halikuwa la kuchekesha. Mke wangu alimuuliza Mama kama habari za omong'ina zimetoka nje ya nyumba hii. Mama akasema amewadokezea watu wawili watatu tu, wa kanisani. Mke wangu hakuinua sauti. Alitaja Marani. Hakuna mtu wa Kisii wala Nyamira asiyejua: Oktoba 2021, wanawake 4 wazee waliuawa na kuchomwa na watu wa vijiji vyao kwa tuhuma za uchawi. Na huko, kabla ya moto, bila shaka kulikuwa na mtu aliyedokezea wawili watatu. Mama alitazama mikono yake kwa muda mrefu. Lakini hakusema amekosea, alisema tu, "Basi thibitisheni."

Kwanza nilipanda ngazi. Naona haya kuandika kwamba kwa wiki sita sikuwa nimepanda. Mama alisema jiwe, jiwe likirushwa huangukia gata, gata iko mita tatu kutoka chini, na ngazi imeegemea choo. Dakika tano zingenitosha. Sikupanda kwa sababu nilikuwa najua. Ndani ya gata, katikati ya majani makavu ya mkaratusi, niliokota vijiwe tisa vya murram vyekundu, kila kimoja ukubwa wa njugu mawe, na parachichi moja lililonyauka. Nilishuka navyo kwenye kofia.

Mama alivipanga mezani kimoja kimoja kama anahesabu mayai. "Nilisema ni mkono," alisema. "Wewe ukasema milimita."

Alikuwa na haki. Maelezo yangu ya kisayansi yalikuwa yamekufa, na yale ya mama yangu yalikuwa nusu hai: mkono, naam, wa nani, bado. Sijui kama mwalimu anaweza kupewa adhabu kubwa kuliko hiyo mbele ya watoto.

Kisha kalenda. Tuna ile kubwa ya ukutani jikoni, yenye picha ya simba, ambayo mke wangu huandikia zamu zake. Alichukua daftari langu akahamishia tarehe kwenye kalenda kwa kalamu nyekundu, duara moja kwa kila usiku wa kelele, na msalaba mdogo kwa kila usiku wa kimya. Mimi nilikuwa nimeandika tarehe tu, bila majina ya siku. Alipofika duara la tano alinyamaza akarudi nyuma hatua moja. Maduara hayakuwa yametawanyika. Yalikuwa yamesimama kwenye safu mbili, moja chini ya nyingine, kama nguzo za lango: Jumanne na Jumatano. Na kulikuwa na wiki nzima zilizopita bila duara hata moja.

Mama hasomi sana, lakini safu alizikuta akiwa na kikombe mkononi. "Mrogi gani huyu," alisema, "mwenye ratiba?"

Kwa dakika mbili hivi tulikuwa wamoja. Kisha akakumbuka kwamba Jumatano ni siku ya maombi ya katikati ya wiki kanisani, na omong'ina hakosi. Nikauliza vipi kuhusu Jumanne. Akasema atalitafakari. Mke wangu akasema huenda ni mlevi ambaye hulipwa siku hizo. Mimi nikasema huenda ni mtu tusiyemjua mwenye ugomvi na mimi, mzazi wa mwanafunzi niliyemwadhibu. Hakuna aliyecheka wazo la mwenzake. Hiyo peke yake ilikuwa habari nyumbani kwetu.

Nikiwa bado na la mzazi kichwani, nikamsikia mwenzangu mmoja katika ofisi ya walimu akinung'unika kwamba hajalala, Ligi ya Mabingwa ya Ulaya imemkalisha hadi saa saba. Nilimuuliza mechi huchezwa siku gani. Akanitazama kama nimeuliza jua huchomoza wapi. Jumanne na Jumatano, zinaanza saa tano usiku kwa saa zetu, zinaisha saa saba kasoro. Na si kila wiki. Kutoka soko la Kebirigo, palipo na vibanda vya kuonyesha mpira, hadi kwetu ni mwendo wa dakika ishirini.

Katika esaiga yetu, ile nyumba ya vijana ya hapo uani, analala mpwa wangu aliyemaliza kidato cha nne na anasubiri chuo. Lango hufungwa kwa kufuli saa tatu.

Damu ilinichemka kwa furaha, na ni mke wangu aliyenishika mkono. Nilikuwa nimekwisha kuchukua kalenda na orodha ya mechi, natafuta zinapolingana, natabasamu kila zinapolingana. Ni daftari lile lile kwa jalada jipya. Kuna mwanasaikolojia, Peter Wason wa London, ambaye mwaka 1960 aliwapa watu namba 2, 4, 6 akawaambia zinafuata kanuni. Watoe namba zao tatu tatu, naye ataitikia ndiyo au hapana, mpaka wajue kanuni. Jioni hiyo tulijaribu mezani. Kijana wetu akasema 8, 10, 12. Ndiyo. 20, 22, 24. Ndiyo. Akatangaza: ni kuongeza mbili! Hapana. Akarudi na 100, 102, 104. Mama, ambaye amezeeka akipatana bei sokoni na haamini ndiyo ya kwanza ya mtu yeyote, akauliza, "Moja, mbili, elfu?" Ndiyo. "Tano, nne, moja?" Hapana. Akanywa chai. "Basi zinapanda tu." Kati ya watu 29 wa Wason, 6 tu walifika kwenye jibu bila kwanza kutangaza kanuni ya uongo. Mama angekuwa wa saba.

Ndiye aliyetusaidia pia kupanga jaribio, ingawa hataki nimsifu kwa hilo. Tulihitaji usiku ambao kila mshukiwa angefanya jambo tofauti. Wazo likawa lango. Jumanne ya mechi, nikalifunga saa tatu watoto wakiona, na wote walipolala nikatoka nikaondoa kufuli. Kama ni omorogi, lango wazi ni karamu. Atarusha na kurusha. Kama ni adui yangu, lango halimhusu, barabara inamtosha. Kama ni bati, na sikuthubutu kulitaja kwa sauti, bati halijui lango. Ni mtu mmoja tu ambaye lango likiwa wazi hana haja ya jiwe.

Tulikaa sebuleni gizani watu wazima watatu, blanketi magotini, Mama akiomba kwa minong'ono kwa ajili ya pande zote. Saa saba ikapita. Saa saba na robo. Mbwa akainuka, tulisikia mkia wake ukipiga ukuta. Lango likalia kidogo. Nyayo. Mluzi, wa chini chini, wa mtu ambaye timu yake imeshinda. Mlango wa esaiga ukafunguka, ukafungwa. Paa halikusema neno.

Jumatano tulilifunga lango kwa kufuli. Saa saba na dakika ishirini: ngo! krrr. Na kutoka chumba cha msaidizi wangu wa tochi, chini ya bati hilo hilo, nikasikia dirisha likisukumwa na miguu midogo ikitua nje, ufunguo wa akiba ukicheza mfukoni.

"Mjomba, ningebisha lango ungeamka," mpwa wangu alisema asubuhi, akiwa amesimama kama askari.

"Kwa hivyo ukaona unirushie mawe."

"Si wewe, mjomba. Bati."

Kijana wangu alikuwa akilipwa mandazi mawili kwa usiku. Nilimuuliza ilikuwaje amenishikia tochi wiki zote hizo bila kusema. Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Hukuniuliza nani. Uliniuliza kama nimesikia bati." (Vijiwe vilivyozidi maduara, viwili, sina maelezo yake, na wote wawili wameapa.)

Hapo ndipo kisa kingeisha, kama si omong'ina. Jumapili jioni alikuja kwa miguu yake, mara ya kwanza tangu mwezi wa kwanza, na sufuria ya chinsaga iliyotokoswa kwa maziwa mpaka uchungu ukaisha. Mama alimpa kiti chake mwenyewe. Waliulizana habari za magoti. Kisha omong'ina akashusha pumzi, akasema amekuja kwa sababu roho imemsumbua. Kwa wiki nyingi alikuwa akisikia lango letu likilia usiku wa manane, nyayo, mluzi, na mbwa habweki. Siku zile zile za wiki. Na mwanamume wa nyumba hii, mara nyingine, anaonekana amesimama uani gizani na mtoto na tochi, wanatazama paa. Ndiyo sababu aliacha kupita karibu. Ndiyo sababu aliacha kuleta ndizi. Leo amemsikia mpwa akisimulia sokoni na kucheka.

Hakuna aliyeongea. Chinsaga ilikuwa inatoa mvuke.

"Uliwaambia wangapi?" Mama aliuliza hatimaye.

"Watatu."

"Mimi wanne."

Mama akafunika sufuria, akachukua leso yake nyuma ya mlango. Wakatoka pamoja kabla giza halijaingia, wakishikana kwenye ule mteremko wa matope, kwenda kuzunguka nyumba saba.